Chumvi Ndani ya Kaptagat

Siku yangu ya kwanza kiwandani niliharibu vijiti ishirini na vinne vya aiskrimu. Kama ningejua kwamba kosa hilo ndilo litakuja kuniokoa miaka saba baadaye, labda nisingelia vile nililia.

Nilikuwa nimetoka fomu ya nne, msichana wa Soy, baba akiwa na duka dogo pale sokoni na ng'ombe watatu nyuma ya nyumba. Nilifika Eldoret nimevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine. Kiwandani nikapewa gamboti kubwa kuliko miguu yangu, aproni nyeupe na kofia ya kufunika nywele. Fomani wa chumba cha kugandisha alikuwa Mzee Odera, mtu wa upande wa ziwa, mrefu, mkimya, vidole vimepasuka kwa baridi. Hakuuliza jina langu. Aliuliza natoka wapi, nikasema Soy, na tangu siku hiyo akaniita nyar Soy, yaani msichana wa Soy kwa lugha yake.

Kazi aliyonipa ilikuwa ya tangi. Mchanganyiko wa maziwa ulimiminwa kwenye moldi, sahani nzito ya chuma yenye mifuko ishirini na minne, halafu moldi ikawekwa juu ya fremu ndani ya tangi la maji ya chumvi. Maji ya kawaida yangekuwa barafu. Maji ya chumvi nyingi yanabaki maji hata yakiwa baridi kuliko barafu, ndiyo maana yanagandisha maziwa kwa dakika chache tu. Ndani ya tangi kulikuwa na alama nyekundu. Maji yakipungua unachota kwenye pipa la pembeni, unaongeza mpaka kwa alama.

"Ifike alama, isipite," Mzee Odera aliniambia. "Ikipita, maji inapanda juu ya mdomo ya moldi, chumvi inaingia kwa maziwa. Umesikia?"

Nilisikia. Halafu nikaongeza ikapita. Vijiti vilipotoka, Mzee alichagua kimoja akaniwekea mkononi.

"Kula."

Nikalamba. Ilikuwa chungu, ilikuwa chumvi, ulimi ukajikunja kama jani kwa moto.

"Kula yote."

Nilikula yote nikilia. Wanawake wa meza ya kufungia walicheka mpaka wakashikana. Chebet, ambaye baadaye alikuwa rafiki yangu kuliko dada, alipiga kelele toka upande wa pili: "Karibu kazi, mama! Hiyo ndiyo chai ya wageni!"

Najua wazee huandika kumbukumbu za kazi baada ya kupewa saa ya ukutani na hotuba. Mimi sikupewa saa. Nilifutwa nikiwa na miaka ishirini na sita na mtoto wa nasari. Lakini miaka saba ni kazi, na kazi hiyo niliijua kama ninavyojua mgongo wa mtoto wangu. Nawaandikia nyinyi wasichana mnaotoka shule na kupewa aproni nyeupe. Ukitaka maneno ya upole, tafuta mtu mwingine. Jina la kiwanda sitaliandika. Siku hizi watu wanaongea siasa mchana kwenye stendi, lakini mkono wangu bado unasita.

Hiyo aiskrimu yetu iliitwa Kaptagat. Kwenye karatasi za ofisi ilikuwa na jina la Kiingereza na namba, lakini hakuna mtu mjini aliyelijua. Ilikuwa kijiti cha maziwa, rangi ya kahawia kama chai ya matajiri, na ilikuwa tamu kwa namna ambayo sukari nyeupe haiwezi. Watoto waliiita Kaptagat kwa sababu ukiiuma, meno yanasikia baridi ya kule msitu wa Kaptagat asubuhi.

Wazungu walipokuwa wakisimamia kiwanda, walitengeneza aiskrimu nyeupe ya vikombe kwa klabu yao na hoteli. Mtu wa kawaida aliiona tu kwenye picha ubavuni mwa lori. Baadaye ukaja wakati sukari ilipotea madukani. Mzee Odera, akitoka likizo nyumbani, alirudi na sukari nguru, ile ya mabonge inayochemshwa kwa masufuria makubwa kwenye mashamba ya miwa. Alikuwa ameileta ya uji wake. Meneja wa wakati huo, mtu mnene mwenye kucheka, alisimama juu ya tangi la maziwa akilalamika kwamba krimu itaoza. Mzee akatia mabonge yake ndani.

"Odera, umeharibu rangi!"

"Rangi haina ladha, Bwana Meneja. Onja."

Meneja Mnene akaonja. Akaonja tena. Wiki iliyofuata lori lilitumwa kununua sukari nguru, na toka hapo maziwa ya kwetu Uasin Gishu na miwa ya ziwa vilikutana kwenye kijiti kimoja. Hivyo ndivyo Kaptagat ilivyozaliwa. Ukisikia mtu anasema iligunduliwa na mtaalamu kutoka Nairobi, mwambie anyamaze.

Chini ya Meneja Mnene nilizunguka kiwanda chote. Mwaka mmoja nilikuwa mapokezi, pale mikebe inaposhushwa alfajiri. Unafungua kifuniko, unanusa kabla ya kufikiria, kwa sababu pua inajua kabla yako. Unatia laktomita, kile kijiti cha kioo kinachoelea, kama maziwa yamewekwa maji kinazama. Unachanganya maziwa kidogo na spiriti. Yakikatika vipande vipande, mkebe unarudi kwa mkulima wake. Nilitukanwa na wakulima kwa lugha tatu. "Wewe mtoto, ng'ombe yangu ni mzee kuliko wewe!" Nikawa najibu, "Basi ipumzishe, baba."

Kutoka mapokezi nilipelekwa chumba cha kupikia, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Mchanganyiko ulipashwa kwenye tangi la mvuke mpaka digrii sabini, ukashikiliwa hapo nusu saa nzima. Nusu saa hiyo ndiyo inaua vijidudu vya ugonjwa. Kando ya tangi kulikuwa na chati, karatasi ya duara inayozunguka polepole na kalamu ya wino inayochora joto. Mzee Odera alinifundisha kuisoma bila Kiingereza. Joto likipanda, likakaa, mstari unakuwa na kichwa bapa. "Hiyo ni meza," alisema. "Mtoto anaweza kula kwa meza." Joto likipanda halafu likaanguka, mstari unakuwa na ncha. "Hiyo ni kichuguu. Kwa kichuguu kuna nyoka." Aliyepika aliandika tarehe na kuweka sahihi yake kwenye chati. Yaani jina lako ndilo linalowaruhusu watoto wa watu kula.

Na kulikuwa na desturi ambayo sijaisikia kwingine. Kila mchanganyiko ukigandishwa, kijiti cha kwanza hakikuuzwa. Aliyepika alikifunga kwa gazeti, akakitia kwenye thamosi ya mdomo mpana, akampelekea mtoto wake. Kama hana, anampelekea wa ndugu yake. Mzee Odera ndiye aliyeileta. Sikuwahi kumuuliza sababu, maana kuna wazee unaona kwenye uso wao kwamba sababu imezikwa mahali. Alisema tu, "Kama unaogopa kumpa wako, usimpe wa mwenzako."

Nilipojifungua Wambui, kijiti cha kwanza kikawa chake. Baba yake alikuwa Nakuru na mke mwingine, hiyo si habari ya leo. Nilikuwa nafika nyumbani Langas jioni na thamosi, na kabla sijavua viatu yule mtoto ameshafungua. Mwaka huohuo nilifanywa mkuu wa zamu. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, na niliwaamuru wanaume wenye ndevu. Sijawahi kuwa na furaha kama hiyo tena.

Halafu Meneja Mnene akapewa uhamisho, akaja Meneja Mpya.

Meneja Mpya alikuja na pini ya chama kwenye koti. Siku ya kwanza hakuuliza tunatengeneza vijiti vingapi. Aliuliza nani hana kadi ya chama. Alitundika picha kubwa ya rais ofisini na nyingine ndogo chumba cha kupikia, ambapo mvuke uliikunja mpaka akamlaumu Chebet kwa kuidharau. Chebet alilia siku mbili, akaipiga pasi kwa kitambaa chenye maji.

Mnaosoma sasa hamtaelewa hofu ile. Kuta zilikuwa na masikio, na masikio yalikuwa na mshahara. Jirani yangu wa Langas, mwalimu, alisema dukani kwamba unga umepanda bei. Watu wawili walikuja kumchukua kwa gari lisilo na namba. Alirudi baada ya wiki mbili, na toka siku hiyo hakuongea hata kuhusu mvua. Mwaka ambao watu walipiga kura kwa kupanga foleni nyuma ya picha za wagombea, mimi nilisimama kwenye foleni ndefu, na baadaye nikasikia kwenye redio kwamba foleni fupi ndiyo imeshinda. Sikugeuza hata shingo.

Ndiyo hali iliyokuwepo sikukuu ya taifa ilipokaribia na Meneja Mpya akaahidi, bila kutuuliza, kwamba kila mtoto wa shule atakayeimba uwanjani atapewa Kaptagat kama zawadi. Shule zote za mji. Nasari pia. Wambui alikuwa amefundishwa wimbo wa kukaribisha wageni, akiuimba mpaka chooni.

Siku moja kabla ya sikukuu, tulipika. Maziwa mengi ya siku hiyo yalitoka shamba kubwa upande wa Plateau, la mtu ambaye hakuna aliyethubutu kurudisha mkebe wake. Daktari wa mifugo alikuwa ametuonya tangu mwezi uliotangulia: ng'ombe wa pale wanatupa mimba, na ugonjwa huo unapita kwa maziwa. Mtu akiupata, homa inampanda na kushuka kwa miezi, viungo vinauma kama vimepigwa. Maziwa yale yasipite, alisema, bila moto kamili.

Saa tano asubuhi boila ikapoteza mvuke. Nilisimama mbele ya chati nikaona kalamu ikipanda, ikapita hamsini, ikakaribia sitini, halafu ikaanza kushuka. Nilipiga bomba kwa spana kama mwenda wazimu. Fundi akatoka chini ya boila, uso mweusi, akasema kipuri kitapatikana kesho saa nne. Nilichomoa chati, nikapanda ngazi mpaka ofisini.

"Hii ni nini?" Meneja Mpya akauliza.

"Chati ya leo, sir. Ni kichuguu. Haikufika digrii sabini hata dakika moja."

"Maziwa ilipata moto ama haikupata?"

"Ilipata, lakini..."

"Basi imepata."

"Sir, na ni maziwa ya lile shamba. Tungoje boila. Kesho saa nne..."

"Kesho saa nne watoto wako uwanjani na wakubwa wako jukwaani. Unataka niende niwaambie wangojee boila?"

Aliichukua chati mkononi mwangu akaipasua mara nne. Akafungua droo, akatoa nyingine. Niliitambua. Ilikuwa ya siku mafundi walipojaribu tangi kwa maji matupu: meza safi, haina tarehe, haina sahihi.

"Andika ya leo. Weka sahihi."

Sijui nilipata wapi mdomo. Nikasema, "Sir, mtoto wako pia ako nasari ya kina Wambui. Kijiti cha kwanza cha hii nimpelekee nani? Wako ama wangu?"

Aliangalia dirisha. Halafu akasema polepole, "Wangu hali vitu ya baridi. Ana kifua."

Hapo nikajua kwamba anajua. Hakuwa mjinga, mnielewe. Aliogopa jukwaa kuliko alivyoogopa kaburi la mtoto wa mwingine.

"Mama Wambui," akasema, sasa kwa sauti ya chini, "watu wa kabila lenu wanaongea sana siku hizi. Nikisikia umechelewesha kazi ya sikukuu, sitakuandikia barua ya onyo. Nitapiga simu." Akaweka mkono juu ya simu, akauacha hapo.

Niliweka sahihi. Sitawadanganya. Niliandika tarehe, nikaandika jina langu lote kwa mwandiko mzuri wa shule, juu ya joto la maji matupu. Akilini nilimwona yule mwalimu wa Langas akinyamaza. Nikajiuliza Wambui atalelewa na nani.

Kwenye chumba cha kugandisha Mzee Odera alikuwa akipanga moldi.

"Meza?" akauliza.

"Kichuguu."

"Umesaini?"

"Nimesaini, Mzee."

Alivua kofia, akaiangalia ndani kana kwamba kuna kitu kimeandikwa, akaivaa tena. Halafu akasema anaenda kuangalia mashine ya chumba cha baridi. Mzee Odera, ambaye kwa miaka saba sikuwahi kumwona akiacha tangi bila mtu, alitoka na kufunga mlango.

Nilibaki mimi na tangi. Kukataa nisingeweza. Kumwaga mchanganyiko ingekuwa hujuma, na hujuma siku ya kabla ya sikukuu, mtu anapotea. Nilitafuta njia kichwani kama mtu anayetafuta sindano gizani, na kitu pekee nilichopata ni siku yangu ya kwanza. Kulikuwa na kosa moja tu ambalo kila mtu alijua linaweza kufanywa na mjinga bila kutumwa na mtu.

Nilichukua ndoo. Nikachota kwenye pipa la chumvi, nikaongeza maji mpaka yakapita alama nyekundu kwa upana wa kidole kimoja. Kisha nikaweka moldi ya kwanza kwenye fremu, nikaona maji yakipanda juu ya mdomo wake, taratibu, yakiingia.

Mzee Odera alirudi. Aliangalia alama. Aliniangalia mimi. Akachukua moldi ya pili, akaiweka tangini mwenyewe.

Tuligandisha mchana wote. Kwenye meza ya kufungia, Chebet alilamba kidole kilichoshika kijiti, kama alivyozoea. Nikaona uso wake umesimama. Aliinua macho, yakanikuta. Akafunga karatasi ya kijiti kile, akaokota kingine, akaanza wimbo wa kanisani kwa sauti kubwa ili wengine waimbe na wasilambe vidole.

Jioni nilifika nyumbani bila thamosi. Wambui akalia. Nikamwambia anyamaze, nikampiga, Mungu anisamehe, kwa sababu nilisikia gari nje. Lilikuwa gari la mkaa.

Asubuhi, lori likiwa limejaa, ofisa mmoja aliyevaa suti ya Kaunda alikuja kukagua zawadi. Meneja Mpya alimpa kijiti kwa mikono miwili. Ofisa akauma, akatema. Alitema kwenye viatu vya Meneja. Wakafungua katoni nyingine, na nyingine. Zote chumvi. Watoto walipewa biskuti, na mimi nikaitwa ofisini.

Nilisimamishwa katikati ya chumba. Ofisa alikaa kwenye kiti cha Meneja, na Meneja akasimama kando kama mpishi.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna, sir. Nilisahau kuangalia alama."

"Miaka saba unaangalia alama, unasahau siku ya leo? Mnakutana wapi? Mko wangapi?"

"Niko peke yangu, sir. Nilisahau."

Aliuliza hivyo kwa saa nzima, bila kupaza sauti, akizungusha kalamu mezani. Meneja Mpya alijua. Lakini angesema nimefanya kusudi, angeulizwa kwa sababu gani, na sababu ilikuwa kwenye debe lake la taka, imepasuliwa mara nne. Hofu ilikuwa imemshika yeye shingo moja na mimi.

Mwishowe ofisa akasema, "Leteni huyo fomani."

Mzee Odera aliingia ameshika kofia. Ofisa akamwuliza mimi ni mfanyakazi wa namna gani. Na yule mzee, ambaye hakuwahi kunisifu kwa mdomo lakini alinipa tangi lake, akacheka.

"Huyu? Mkubwa, huyu nimembeba miaka saba kama gunia lenye tundu. Kichwa yake haishiki kitu. Siku ya kwanza kabisa alipitisha chumvi hivihivi, uliza wanawake wote pale chini, walimcheka. Ningesema afutwe zamani. Nilihurumia mtoto wake."

"Basi kwa nini ni mkuu wa zamu?"

Mzee Odera hakumeza hata mate.

"Kwa sababu anaandika Kiingereza kwa chati, na mimi sijui. Lakini kuandika ni kitu kingine, mkubwa, na kazi ni kitu kingine."

Ofisa alitazama chati pale mezani, meza safi, mwandiko mzuri. Akanitazama mimi na gamboti zangu. Akaanza kucheka, akamgeukia Meneja: "Kumbe hapa mnaandika ng'ombe kazi ya kukamua ng'ombe?"

Wakacheka wote watatu. Kila neno la Mzee lilikuwa limeniingia kama msumari. Nilijua anachofanya, na bado nilitaka kumrukia. Ni mimi niliyepika bila kosa miaka yote ile! Nikainamisha kichwa nikasema, "Ni kweli, sir. Mimi ni msahaulifu."

Barua yangu ya kufutwa ilisema uzembe uliokithiri. Kwenye faili, mchanganyiko ulikuwa mzuri kabisa na mimi ndiye niliyeuharibu. Chati ipo, na sahihi ni yangu. Meneja Mpya alipandishwa cheo, akahamia makao makuu. Sikupata kazi kiwanda kingine, kwa sababu kila nilikoenda walikuwa wameshasikia. Nauza chai ya maziwa na mandazi Langas. Maziwa yangu nayachemsha mpaka wateja wanauliza kama napika mawe. Wacha waulize.

Lakini hayo yote ningeyameza. Kilichonikaba ni kwamba Wambui alirudi toka uwanjani siku ile akaniuliza, "Mama, ni wewe uliharibu aiskrimu yetu?" Na mimi nikasema ndiyo, nilisahau. Ningesema nini? Mdomo wa mtoto hauna kufuli. Akaenda shule na jina jipya: mtoto wa Mama Chumvi. Watoto wakimwona wanatoa ulimi na kutema. Miaka mitano mtoto wangu ameamini kwamba mama yake ni mjinga, na mimi ndiye niliyemwambia.

Wasichana, msidhani nawafundisha ushujaa. Niliweka sahihi, kumbukeni. Ninachowaambia ni hiki: mtakapopewa karatasi na mkubwa aliyeweka mkono juu ya simu, someni kwanza kalamu ilichora nini. Na muwe mmejua kazi yenu mpaka kwenye makosa yake. Ningekuwa sijui vile kazi ile inavyoharibika, ningewalisha watoto wale.

Mwezi uliopita Mzee Odera alistaafu. Yeye walimpa saa. Kabla ya kupanda basi la kwenda kwao alikuja kwangu, mchana, amebeba mfuko na thamosi ya mdomo mpana. Alikaa kwenye kreti ya soda mbele ya kibanda, akafungua, akatoa kijiti kilichofungwa kwa gazeti.

"Cha kwanza cha leo," akasema. "Mimi sina mtoto mdogo tena. Nimeletea wako."

Nikauliza kabla ya salamu, siwezi kujizuia: "Chati, Mzee?"

"Meza, nyar Soy. Ingekuwa kichuguu, ningekuja?"

Wambui alikuwa ametoka shule. Alisimama mlangoni, mikono nyuma. "Si hiyo iko na chumvi?"

"Nani amekuambia?" Mzee akauliza.

"Wote. Na Mama."

Mzee Odera alinigeukia. "Bado hujamwambia."

Nilitazama barabara. Kulikuwa na watu, wawili wakisoma gazeti pale karibu, sikuwajua. Zamani ningefunga mlango. Sikuufunga. Nilimwambia mtoto wangu kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza njia, habari ya boila, na ya kichuguu, na ya karatasi iliyopasuliwa. Nilimwambia kwamba niliongeza chumvi mimi mwenyewe, kwa ndoo, nikiwa najua. Mzee alitikisa kichwa kukubali kila nilipomaliza sentensi, na nilipofika kwa gunia lenye tundu akaangalia viatu vyake.

Wambui alifikiri. "Ili tusikule?"

"Ili msikule."

"Na mimi ningekula?"

"Wewe ulikuwa mstari wa mbele."

Alichukua kijiti toka mkononi mwa Mzee, akafungua gazeti, akalamba mara moja, kwa ncha ya ulimi, kama mtu anayejaribu moto. Halafu akaning'atisha mimi. Ilikuwa tamu, tamu ile ya sukari nguru inayokaa nyuma ya koo, na baridi kama Kaptagat asubuhi. Ilikuwa tamu mpaka nikakasirika upya kwa kazi niliyonyang'anywa.